Maneno Nyuma ya Ungo

Wewe uliyeanza kusema "eeh?" kila unapoitwa, wewe unayecheka kwa sababu wenzako wamecheka, nataka tukae pamoja kidogo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilificha karibu mwaka mzima, na kule kuficha kulinichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Leo naandika kwa furaha, tena furaha ya kushindwa kutulia kwenye kiti. Nimeshasimama mara tatu tangu nianze ukurasa huu.

Jina langu ni Veneranda. Majirani huniita Mama Kulwa. Ni nesi mkunga katika zahanati ya kijiji upande wa Sikonge, kule ambako mama mjamzito huletwa amekaa nyuma ya baiskeli, na mumewe anaisukuma kwa mkono kwenye mchanga. Mume wangu, Petro, ni seremala, na ana mizinga yake ya nyuki msituni. Tuna mabinti mapacha, Kulwa na Doto. Haya yalipoanza walikuwa na miaka tisa.

Niliugua kifua kikuu sugu. Nilikipatia wapi sijui. Anayefanya kazi yangu hupumua pumzi za watu wengi. Habari za vijidudu nawaachia wanaozijua. Mimi nitakueleza sindano. Sindano moja kila siku, leo tako la kulia, kesho la kushoto, tangu watu walipokuwa wanahamisha miche ya tumbaku hadi majani yalipokuwa yamekauka kwenye mabani ya kukaushia. Makalio yalijaa mafundo magumu, nikajifunza kukaa kwenye benchi kwa paja moja. Nguo zilinipwaya. Ngozi ya uso ikawa nyeusi na kavu, mpaka shemeji yangu aliyekuja kunitazama akanipita mlangoni, akaniuliza, "Samahani dada, Veneranda yuko wapi?"

Tulisubiri dawa kwenye ukumbi ulio wazi pande zote ili hewa ipite. Wote tulivaa barakoa, kwa hiyo tulijuana kwa macho na kwa vikohozi. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami kila asubuhi alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kitambaa. Alikata kimoja katikati, akanipa nusu.

"Kula mwanangu, dawa isikute tumbo tupu."

Miezi mitatu alinipa nusu kiazi, na hadi leo silijui jina lake.

Mwezi wa nne wa sindano, nyenje waliingia kichwani. Nilidhani ni nyenje wa kweli, wale wanaolia kwenye miti ya miombo jua likiwa kali. Nikamwambia Petro, "Mwaka huu nyenje mbona wengi hivi?"

Akanitazama. "Nyenje gani? Msimu wao bado."

Nilinyamaza. Kosa langu ndilo hilo, na kama utashika jambo moja katika maandishi haya, shika hili: ukisikia mlio usiosikiwa na wengine, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilisema baada ya wiki kadhaa, nilipoanza kuyumba njiani kama mlevi. Daktari alibadilisha dawa palepale, lakini sehemu kubwa ya masikio ilikuwa imekwenda. Hata hivyo kifua kilipona. Sindano zile sizilaumu. Bila hizo wanangu wangelelewa na shangazi yao.

Nilirudi kazini na vidonge vyangu, na sikumwambia mtu. Sauti nene nilizisikia kiasi, sauti nyembamba zilipotea. Maneno yalinifikia yamekatwakatwa, kama karatasi iliyoliwa na panya. Nilijifunza kutazama midomo. Nilijifunza kuuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Mtu akiniletea habari ndefu, niliinamia daftari nikajifanya naandika.

Nyumbani hakukuwa na daftari la kuinamia. Petro ni mtu wa sauti ya chini, na ndevu zake zinafunika mdomo. Alisema jambo akiwa anaranda mbao, mimi nikapita. Alisema tena, nikapita. Siku moja aliweka randa chini akaja kusimama mbele yangu.

"Siku hizi unanidharau, Veneranda."

Hilo nililisikia vizuri, kwa sababu alilipigia kelele. Na mimi, badala ya kumwambia ukweli, nilimjibu, "Ukisema la maana nitakusikia."

Kuanzia hapo alizungumza nami kupitia watoto. "Mwambie mama yako ninakwenda Tabora." Kulwa, mwenye sauti nene kama ya mama yangu, alinipigia kelele ujumbe. Doto, ambaye husema kwa kunong'ona tangu alipozaliwa, aliacha kabisa kunisimulia mambo ya shule. Tuliishi watu wanne ndani ya nyumba moja, na mimi nilikuwa kama mgeni asiyejua lugha yao.

Masika yaliyofuata ndipo kificho kilipoisha. Alikuja mama mmoja wa mimba ya kwanza, ya miezi minane. Nilimlaza kitandani, nikapapasa tumbo, nikaweka kile kipembe tunachosikilizia mapigo ya moyo wa mtoto. Sikusikia kitu. Nikahamisha upande wa pili. Kimya. Nikabonyeza hadi yule mama akakunja uso. Kimya.

Yule mama aliona uso wangu akaanza kulia. "Sista, mwanangu amekufa?"

Mwenzangu Zuhura, nesi tuliyefanya naye kazi miaka saba, alikuja mbio. Aliinama, akaweka sikio kwenye kipembe, na mara akatabasamu. Akaanza kupiga vidole hewani kuonyesha mapigo: tap, tap, tap, haraka haraka, mtoto mzima kabisa. Kisha akainua kichwa, akanitazama mimi na siyo yule mama. Akavuta kadi ya kliniki iliyokwisha, akaandika nyuma yake: "TANGU LINI?"

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Nililia kwa aibu, na pia kwa sababu mtoto alikuwa hai, na kwa sababu mtu mmoja duniani alikuwa sasa anajua.

Zuhura hakunisengenya. Alimweleza mganga mfawidhi nikiwapo, nikahamishiwa upande wa kupima uzito wa watoto na kutunza kumbukumbu. Wiki chache baada ya mvua kukatika, akaniletea tena maandishi nyuma ya kadi: "Kuna mtafiti wa masikio amekuja mjini. Anatafuta watu waliopoteza kusikia wakiwa wakubwa. Jumatatu tunakwenda wote."

Tulikwenda. Utafiti ulikuwa katika vyumba viwili walivyoazimwa karibu na hospitali ya Kitete, Tabora, vyenye benchi refu barazani. Hapo nilikutana na Daktari Editha. Nilitegemea mtu wa miwani na ukali. Nilimkuta mwanamke mfupi, mnene, mwenye raba miguuni na karanga mfukoni, anayetafuna huku anafikiri. Kabla ya kuzungumza nami alisogeza kiti chake hadi mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni, ili niione midomo yake. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Nilimpenda hapohapo.

"Mama Kulwa, mimi siponyi masikio," alisema taratibu. "Ninachotaka kujua ni hiki: mtu akipewa shimesikio, kile kifaa cha kusikilizia, halafu akafundishwa kusikiliza upya, pamoja na mtu wa nyumbani kwake, atafika wapi? Akipewa kifaa peke yake atafika wapi? Sijui. Ndiyo maana nimekuja. Utanisaidia kujua?"

Miaka miwili watu walikuwa wananisaidia mimi. Huyu aliniomba msaada! Nilisema ndiyo kabla Zuhura hajamaliza kuniandikia swali.

Niliingia kwenye kibanda cha kupimia, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio, na mara nyingi sikubonyeza. Baadaye nikavalishwa shimesikio mbili, ndogo kama mbegu za maharage. Usidhani nilishangilia. Nilitaka kuzitupa! Kila kitu kilinishambulia kwa pamoja: viti, viatu, mifuko ya plastiki, sauti yangu mwenyewe. Maneno yalikuwa makubwa lakini hayakueleweka. Daktari Editha alinipa karanga chache akasema, "Huo ndio mwanzo. Kuna sauti ambazo ubongo umezisahau. Tutaufundisha."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hadi leo likinijia nacheka peke yangu.

Kwa kuwa najua Kinyamwezi, niliombwa kukaa ndani wakati wazee wanapimwa, niwaeleze maelekezo. Msaidizi wa daktari, Shomari, kijana mpole wa Pwani, alipiga neno kwenye kinasa sauti, mzee akalirudia, Shomari akaweka tiki au kosa. Siku hiyo alikuwa anapimwa Mzee Mayunga, mfugaji nyuki wa Sikonge aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kupasulia mbao hadi masikio yakachoka. Makosa yalijaa ukurasa. "Nanga" alikaa kimya. "Pweza" akaniuliza kwa Kinyamwezi kama ni tusi. Kisha likaja neno "kura".

Mimi sikulisikia, lakini karatasi ilikuwa mbele yangu. Nilimtazama mzee, maana mimi kazi yangu ilikuwa imeshakuwa kutazama. Mzee aliinua kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakichovya hewani kama anachovya kwenye wino wa uchaguzi, akasema neno lake. Shomari akaweka kosa.

"Kwa nini kosa?" nikauliza.

"Amesema 'kula', mama. Neno ni 'kura'."

"Lakini kidole chake kimepiga kura!"

Shomari alinitazama bila kuelewa. Nikasimama, nadhani nilikuwa napiga kelele, asiyesikia hajui kipimo cha sauti yake. "Amesikia! Mzee amesikia sawasawa! Kwetu wazee wengi 'r' haiwakai mdomoni. Barabara ni balabala. Habari ni habali. Wewe hupimi masikio yake, unapima ulimi wake. Na huyo pweza wako, hapa tangu enzi za misafara watu walipita na chumvi, na pembe, na nguo, lakini sijasikia aliyefika na pweza!"

Daktari Editha alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alichukua karatasi ya Mzee Mayunga, kisha akavuta bunda lote la karatasi za miezi minne, akaanza kuzipitia moja moja akiwa amesimama, ameacha kutafuna. Nilijua nimeharibu. Miezi minne ya kazi ya mtu msomi, na mimi nesi wa kijijini nimeitia doa mbele ya msaidizi wake.

Alipoinua uso, macho yalikuwa yanang'aa.

"Shomari," alisema, "hizi zote haziwezi kutumika."

"Zote, daktari?"

"Zote. Tuliandika kwamba watu hawasikii, kumbe ni sisi tusiowasikia." Kisha akanigeukia, akanishika mikono yote miwili, akaitikisa. "Mama Kulwa, unajua umefanya nini? Ningeondoka hapa na majibu ya uongo, tena kwa kujiamini! Kaa chini. Tuanze upya. Nipe maneno."

Ilikuwa wiki ya raha isiyo na mfano. Mimi, Zuhura siku za mapumziko yake, Shomari na Mzee Mayunga tulikaa barazani kutunga orodha mpya. Mzinga. Nta. Chungu. Uyoga. Jembe. Tulibishana! Mzee alikataa katakata neno "sufuria" akisema lina kelele hata likitamkwa. Tuliweka utaratibu kwamba mtu akitaka anaonyesha picha badala ya kutamka, ulimi usimponze. Shomari aliandika kila kitu. Jioni moja alikiri kwamba na yeye huku husemwa vibaya kwa lafudhi yake, na hakuwahi kufikiri kwamba lafudhi inaweza kumfanya mtu aitwe kiziwi.

Kisha yakaja mazoezi ya nyumbani. Kila mmoja wa kundi letu la mazoezi alitakiwa awe na mwenzi wa mazoezi, mtu mmoja wa kuzungumza naye dakika ishirini kila siku, mdomo ukiwa umefunikwa ili masikio yafanye kazi bila macho. Nilitaka nimwandike Kulwa. Daktari Editha akatikisa kichwa.

"Mume yupo?"

"Yupo. Lakini hatuzungumzi."

"Basi ndiye huyohuyo."

Petro alikuja mjini amenuna. Alikaa mbele ya daktari, akasikiliza kuhusu sindano na masikio, akaonyeshwa mchoro wa vipimo vyangu, mstari unaoteremka kama mtu anayeanguka kutoka juu ya mti. Aliutazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Hii imeanza wakati ule wa nyenje?"

Daktari akasema ndiyo.

Asubuhi ya kwanza ya mazoezi tulikaa uani kwenye vigoda. Alikosa cha kufunikia mdomo, akachukua ungo wangu wa kupepetea, akauweka mbele ya uso. Nikabaki nazungumza na ungo. Alikuwa na orodha gotini.

"Mzinga," ungo ukasema.

"Kinga?"

"Mzinga."

"Singa?"

"MZINGA! Mama wee, mwaka mzima navuna asali halafu mke wangu hajui mzinga!"

Nilicheka, na ungo ukaanza kutikisika, nikajua na yeye anacheka. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu nilipoanza dawa. Mapacha walichungulia dirishani kama wanaotazama sarakasi.

Tukaendelea hivyo kila siku. Wiki ya pili nilipata maneno matano kati ya kumi. Wiki ya tano niliweza kutofautisha "nta" na "nne". Siku nyingine nilirudi nyuma, nikavua shimesikio nikazifungia kabatini, nikasema siendelei, kichwa kinauma. Petro alizitoa, akazifuta vumbi kwa ncha ya shati, akaziweka kiganjani mwangu.

Wiki ya nane, katikati ya orodha, sauti nyuma ya ungo ilibadilika. Ilikuwa chini sana, ile sauti yake ya kawaida ambayo nilikuwa nimeshaihesabu kuwa imepotea.

"Nilidhani unanidharau. Nisamehe."

Nililisikia. Lote! Lilinifikia zima, halijakatwa popote. Lakini mimi nami ni mtu, nikasema, "Rudia."

"Nisamehe."

"Sijapata vizuri. Rudia tena."

Ungo ukashuka. Petro aliniona ninavyotabasamu na machozi yananitoka, akaelewa, akasema, "Muongo mkubwa wewe," na tukakaa pale uani tumeshikana mikono mchana kweupe. Nikamwomba radhi na mimi, kwa kuficha. Zamu yangu nilisema bila ungo.

Sitakudanganya. Kwenye harusi, au mvua inapopiga bati, bado napotea. Nyenje hawajahama, wamepunguza tu kelele. Kuzalisha peke yangu sifanyi tena. Mapigo ya mtoto anasikiliza Zuhura, nami nashika mkono wa mama. Ukiwa kwenye benchi la kusubiri leo, mwambie aliye karibu nawe, "Sisikii vizuri, nitazame ukizungumza." Ni maneno machache, na nilichukua mwaka mzima kuyajifunza. Na ukipata kifaa halafu ukakichukia, kichukie ukiwa umekivaa.

Baada ya miezi sita tuliitwa kupimwa upya, kwa orodha yetu wenyewe. Mzee Mayunga aliingia kabla yangu. Alitoka akiwa ameinua kofia juu kama mtu aliyeshinda ng'ombe, akasema, "Hata hiyo kula yao nimeipata!" Zamu yangu ilipoisha, Daktari Editha hakusubiri kukaa. Alinishikia karatasi mbele ya macho, ile ya mwanzo na ya leo zikiwa pamoja. Ya leo ilikuwa imejaa tiki. Akaniambia kwamba waliofanya mazoezi na watu wa nyumbani wanakwenda mbele kuliko waliopewa vifaa peke yake, kwamba bado ana kazi ya kuhakikisha, kwamba asiseme haraka. Lakini raba zake zilikuwa haziishi kurukaruka sakafuni.

Nilitoka barazani. Ilikuwa bado asubuhi. Mama yangu mzazi anaishi Nzega na ng'ombe na mbuzi wake, na kwa miaka miwili salamu zake nilizipokea kupitia kwa Petro na watoto, kwa sababu simu haina midomo ya kutazama. Nikatoa simu mfukoni. Nikapiga mwenyewe.

"Haloo?"

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Nani wewe?"

"Ni mimi, mama. Veneranda."

"Mpe simu Petro, mwanangu, utaumia bure."

"Petro hayupo. Nakusikia mwenyewe. Sema chochote."

Nilidhani atalia. Mama yangu si wa kulia. Alivuta pumzi, nikaisikia hata hiyo pumzi, kisha akaanza: kwamba yule ng'ombe wa mabaka amezaa, ndama jike, ana doa jeupe usoni, kwamba jirani amejenga uzio umeingia shambani kwake, kwamba kuku wawili wamechukuliwa na mwewe na wa tatu amejificha chini ya kitanda, hataki kutoka. Aliunganisha moja na lingine bila kupumzika, miaka miwili yote, nami nimeegemea nguzo, simu nimeibana sikioni kwa mikono miwili. Zuhura alikuja kunionyesha saa, kwamba gari la kurudi Sikonge linaondoka.

Nikamfanyia ishara ya mkono. Gari liende. Mama alikuwa bado hajafika kwenye mbuzi.